Maswali ya Wasomaji: Hoya Isiyochanua, Majani Yaliyonywea na Vidung'ata Makwapani

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa hoya, ule mmea mtambazi wenye majani mazito yanayong'aa na vishada vya maua madogo ambayo ukiyatazama unadhani yamefinyangwa kwa nta. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Aina za hoya ni mamia, kwa hiyo pale ambapo hatukutaja aina tunazungumzia Hoya carnosa, inayofugwa zaidi majumbani, pamoja na Hoya pubicalyx inayofanana nayo kwa tabia.

Miaka minne bila ua

*Ndugu wahariri, hoya yangu ina miaka minne. Majani ni mengi, ya kijani kilichokolea, lakini haijawahi kutoa hata ua moja. Iko sebuleni kwenye rafu, kama mita tatu kutoka dirishani. Kila wiki naipa mbolea ya maji ya kukuza majani. Ikitoa ile mikia mirefu isiyo na majani naikata ili isilete vurugu. Nakosea wapi? – Mama Salma*

Mama Salma, mmea wako hauumwi. Uko gizani, umeshiba naitrojeni (kirutubisho cha majani), na kila unapojaribu kujinyoosha unakutana na mkasi.

Tuanze na mwanga, maana huo ndio wenye sehemu kubwa ya lawama. Macho yetu huzoea chumba haraka, tukaona sebule inang'aa, kumbe mwanga unaofika kwenye rafu mita tatu kutoka dirishani ni sehemu ndogo sana ya ule unaopiga kwenye kizingiti cha dirisha. Hoya inaweza kuishi hapo miaka mingi na kuongeza majani. Kuchanua ni gharama nyingine: kunahitaji akiba ya sukari ambayo mwanga hafifu hauwezi kuijaza. Pima hivi. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, weka mkono sentimita 30 juu ya majani. Ukiweza kuhesabu vidole vyako kwenye kivuli, mwanga unatosha. Ukiona wingu la kijivu tu, au usione kitu, hautoshi.

Sogeza mmea hadi uwe ndani ya nusu mita kutoka dirishani. Dirisha la mashariki ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu jua la asubuhi la saa mbili tatu haliunguzi. Jua la mchana na alasiri lichuje kwa pazia jepesi. Hamisha taratibu kwa muda wa wiki mbili, kila siku chache ukisogeza kidogo, kwani jani lililokulia kivulini likipigwa jua ghafla hubabuka, na baka hilo halifutiki tena. Rangi ya majani itakupa habari: kijani cheusi maana yake ni kiza; wekundu kidogo kwenye majani machanga ni dalili ya mwanga mwingi ambao bado mmea unaumudu; umanjano wa kupauka upande unaotazama jua ni dalili kwamba umezidi. Kama nyumba haina dirisha la maana, taa ya LED ya mimea iliyoning'inizwa sentimita 20 hadi 30 juu ya majani na kuwashwa kwa muda wa saa 12 kila siku inafanya kazi vizuri. Ifungie kifaa cha kuiwasha na kuizima chenyewe, maana kuikumbuka kila siku ni mtihani.

Mikia usiikate. Hoya hutanguliza shina refu tupu ili litafute pa kushika, na majani huja baadaye, wakati mwingine baada ya miezi. Vikonyo vya maua hutokea kwenye vifundo vya mashina hayo (sehemu zinazotoa majani), pembeni ya majani. Ukikata mkia umekata maua ya msimu ujao na ya miaka kadhaa mbele. Badala yake uzungushe kwenye tao la waya, kwa upole, ukifuata upande ambao mkia wenyewe umeanza kujipinda. Ukiulazimisha kinyume utajifungua. Ncha iachwe ielekee juu, kwani ikiinamishwa chini mara nyingi hukauka.

Mbolea ya majani iache. Tumia yenye uwiano sawa wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kila wiki tatu au nne wakati mmea unachipua, na usiweke kabisa wakati umetulia. Zile mbolea zinazouzwa kwa jina la "kuleta maua" hazina muujiza wowote pasipo mwanga. Kila baada ya miezi miwili mitatu mwagilia maji matupu mengi yapite chunguni na kutoka chini, yaoshe chumvi iliyobaki.

Jambo la mwisho ni baridi. Carnosa asili yake ni kusini mwa China, Taiwan na visiwa vya kusini mwa Japani, ambako kuna msimu wa ubaridi. Ikipata wiki nane hadi kumi za nyuzijoto 13 hadi 16 na maji machache, mara nyingi huchanua kwa urahisi zaidi joto likirudi. Si sharti, na usiishushe chini ya nyuzi 10. Aina za tambarare zenye joto, kama pubicalyx ya Ufilipino, hazihitaji ubaridi huo. Ziweke juu ya nyuzi 15.

Ukirekebisha haya yote leo, usitarajie ua mwezi ujao. Mashina mapya lazima yakomae kwanza.

Vikonyo vilivyobaki, na vichipukizi vya maua vilivyopukutika

*Hoya yangu ilichanua vishada vitatu. Maua yameanguka, vimebaki vijiti vifupi visivyopendeza. Je, nivikate kama tunavyokata vichwa vya waridi? Kishada cha nne kilianza vizuri kisha vichipukizi vyote vikageuka njano na kuanguka kabla ya kufunguka. – A.K.*

Usivikate. Hapa hoya inatofautiana na waridi na maua mengi ya bustanini: kikonyo kilekile kitachanua tena, mwaka huu au ujao, na kinaweza kuendelea hivyo kwa miaka mingi. Kitazame kwa karibu, ikibidi kwa kioo cha kukuzia. Nchani utaona makovu madogo yaliyopangana kwa mzunguko, kila kovu ni mahali ua moja liliposhikilia, na katikati yake kuna nukta ya kijani. Nukta hiyo ndiyo itakayotoa kishada kijacho. Kila mchanuo huongeza milimita chache, kwa hiyo kikonyo kirefu chenye makovu mengi ni mali. Kikate tu kikiwa cha kahawia, kikavu, na kinavunjika kwa kuguswa. Hoya linearis na Hoya bella ni tofauti. Kwa kawaida hizo huangusha vikonyo zenyewe, wala usihuzunike.

Kuhusu vichipukizi, sababu ya kwanza ya kuuliza ni hii: uliuhamisha? Watu wengi huona vichipukizi, wakafurahi, wakaubeba mmea mezani wageni wauone. Mabadiliko ya mwanga peke yake yanatosha kuviangusha. Tangu vichipukizi vikiwa na ukubwa wa kichwa cha pini hadi maua yafunguke, chungu kisiguswe wala kisizungushwe. Sababu ya pili ni udongo kukauka kabisa katika wiki hizo, na ya tatu ni upepo wa baridi wa dirisha au kiyoyozi. Kama si hayo matatu, geuza kishada utazame katikati ya vijikonyo: vidung'ata (wadudu weupe kama pamba) na vidukari hupenda kukaa hapo hapo na kufyonza.

Majani yamenywea na udongo umelowa

*Majani ya hoya yangu yamekunjamana kama ya mmea wenye kiu. Nikaongeza maji, yakazidi kunywea. Sasa namwagilia kila siku na hali inazidi kuwa mbaya. Udongo ni ule wa kawaida wa bustani, chungu ni cha plastiki kikubwa. – Baba Neema*

Baba Neema, acha kumwagilia leo hii, kisha utoe mmea chunguni. Mizizi imeoza. Jani la hoya ni ghala la maji. Hunywea pale maji yanapotoka kwa kasi kuliko yanavyoingia. Mizizi iliyokauka haiingizi maji, na mizizi iliyooza vilevile haiingizi. Kwa nje dalili ni moja, ndiyo maana mtu huona kiu, akaongeza maji, akaua mizizi iliyokuwa imesalia.

Porini hoya nyingi hukaa juu ya miti. Mizizi yake hushika magome na takataka za majani zilizonasa kwenye panda za matawi: hulowa mvua ikinyesha, na muda mfupi baadaye imezungukwa na hewa. Udongo wa bustani ndani ya chungu kikubwa cha plastiki ni kinyume cha hayo. Chembe zake ni ndogo, zinashikana, maji yanajaza nafasi zote, mizizi inakosa oksijeni, kisha vimelea vya kuozesha vinaingia.

Ukishautoa mmea, suuza mizizi kwa maji ya vuguvugu hadi udongo wote utoke. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, na ni mgumu ukiubonyeza. Uliooza ni wa kahawia au mweusi, laini, na ukiuvuta ganda lake linavuka na kuacha uzi mwembamba mkononi. Kata yote ya namna hiyo kwa mkasi uliofutwa na spiriti, hadi ufikie sehemu safi. Kama shina nalo limekuwa jeusi karibu na udongo, kata juu zaidi mpaka ndani uone kijani kibichi kisicho na mduara wa kahawia. Acha mmea hewani kivulini saa tatu nne ili majeraha yakauke.

Mchanganyiko wa kupandia tunaopendekeza ni sehemu mbili za vipande vya magome vya kama sentimita moja, vile vya okidi, sehemu moja ya perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba) na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa chumvi. Ukikosa perlaiti, tumia kokoto nyepesi za volkano. Chungu kiwe kidogo: kipenyo kizidi fundo la mizizi iliyobaki kwa sentimita mbili tu, na kiwe na matundu. Changarawe chini ya chungu hazisaidii kitu. Maji hubaki juu yake vilevile, ila sasa yako karibu zaidi na mizizi. Mwagilia kidogo, weka penye mwanga bila jua, na ufunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga uliotobolewa matundu machache, ili majani yasipoteze maji wakati mizizi mipya inaota. Mbolea isubiri hadi uone chipukizi jipya. Ikiwa mizizi iliyobaki ni chini ya robo, usipoteze muda kuinusuru: kata vipandikizi, kama tunavyoeleza mbele.

Baada ya hapo, usimwagilie kwa kalenda. Shika jani la zamani, si changa, ulikunje taratibu kati ya vidole viwili. Likiwa gumu na linakataa kukunjika, bado lina maji. Likikunjika kwa ulaini, mwagilia. Pima pia uzito wa chungu kwa kukiinua. Baada ya wiki chache mkono utajua wenyewe. Ukimwagilia, mwagilia hasa, hadi maji yatoke chini, na baada ya dakika 15 umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Kijiko kimoja kimoja kila siku hulowanisha sehemu ya juu tu na kuacha mizizi ya chini ikiwa mikavu.

Pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani

*Nina hoya ya majani yaliyosokotana. Kati ya majani kuna vitu vyeupe kama pamba, na sisimizi wanapanda na kushuka. Nimepuliza dawa mara moja, vikaisha, baada ya wiki mbili vimerudi. – Dada wa Ghorofani*

Dada, hivyo ni vidung'ata, na umebahatika vibaya kuwa na aina ngumu zaidi kusafisha. Ile carnosa ya majani yaliyosokotana, iitwayo 'Compacta', ina vificho kila mahali. Dawa haikufeli. Iliua wale waliokuwa nje, mayai yaliyofunikwa na nta yakabaki ndani ya mikunjo, yakaanguliwa.

Kwanza utenge mmea, mbali na mingine angalau mita mbili, na majani yasigusane na kitu. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya asilimia 70 na umguse kila mdudu unayemwona. Nta yake huyeyuka na rangi hubadilika papo hapo kuwa ya kahawia. Fanya hivyo mbali na moto. Kisha ogesha mmea wote kwa maji ya vuguvugu yenye msukumo kiasi, ukiwa umefunga udongo kwa mfuko. Ukikauka, pulizia mchanganyiko huu: lita moja ya maji ya vuguvugu, mililita 5 za mafuta ya mwarobaini na mililita 2 za sabuni ya maji isiyo na manukato. Changanya sabuni na mafuta kwanza, ndipo uongeze maji, la sivyo mafuta yataelea. Jaribu kwenye jani moja na usubiri siku moja. Pulizia jioni, chini ya majani na ndani ya kila mkunjo hadi matone yadondoke, na mmea usiwekwe juani hadi ukauke kabisa.

Rudia kila baada ya siku saba, mara nne, hata kama baada ya mara ya pili huoni mdudu. Wengi huishia hapo kwenye mara ya pili. Sisimizi nao washughulikie, kwa kuwa wanalinda vidung'ata dhidi ya maadui wao kwa ajili ya umajimaji mtamu ambao vidung'ata hutoa. Weka chungu juu ya kitu kilichosimama ndani ya sahani ya maji. Na kabla hujashangilia, utoe mmea chunguni utazame pembeni ya fundo la mizizi. Ukiona unga mweupe wenye rangi ya samawati kidogo uliogandia mizizi na ukuta wa chungu, kuna vidung'ata vya mizizini. Hivyo havifikiwi na dawa ya kupulizia: osha mizizi yote, tupa udongo, sugua chungu kwa maji ya moto, panda upya.

Ukikuta wadudu wadogo wa manjano wenye miguu myeusi, wamejazana kwenye ncha changa na vikonyo, hao ni vidukari na kazi yake ni nyepesi. Waoshe kwa maji, pulizia sabuni, rudia mara mbili. Utando mwembamba na nukta za kupauka kwenye majani ni kazi ya utitiri, ambao hustawi hewa ikiwa kavu.

Kwa 'Compacta' iliyoshambuliwa hadi ndani, ushauri wetu wa kweli ni kukata ncha mbili tatu safi, kuzitibu, kuziotesha, na kuutupa mmea mama.

Jani moja la moyo

*Nilipewa jani la hoya lenye umbo la moyo limepandwa kwenye kikopo. Mwaka wa tatu huu liko vilevile. Litakua lini? – J.*

Halitakua. Hilo ni jani la Hoya kerrii lililokatwa bila kifundo cha shina. Jani huweza kutoa mizizi na kubaki kijani kwa miaka, ila chipukizi jipya hutoka kwenye kifundo, na hilo halina. Lifurahie kama pambo, ulimwagilie mara chache sana. Ukitaka mmea wa kutambaa, tafuta kerrii yenye kipande cha shina na angalau majani mawili.

Kuotesha kwa vipandikizi

*Naomba hatua za kuotesha hoya kwa kukata shina. Nimejaribu kwenye maji, yameoza mara mbili. – Bi. Rehema*

Bi. Rehema, huenda ulikata shina changa. Ncha laini ya kijani inayopinda kama uzi huoza. Chagua shina lililokomaa, gumu kidogo, lenye vifundo viwili au vitatu na majani yasiyo na dosari, na lisiwe na kikonyo chenye vichipukizi. Kata sentimita moja chini ya kifundo kwa wembe safi. Utatoka utomvu mweupe. Suuza ncha kwa maji ya kawaida hadi uache kutiririka, kisha acha kipandikizi kikae saa moja mbili kijeraha kikauke. Vaa glavu kama ngozi yako ni nyepesi, maana utomvu huo huwasha baadhi ya watu, na usijiguse machoni.

Toa majani ya kifundo cha chini. Mizizi mingi hutokea pale kwenye kifundo, kwa hiyo ndicho kinachotakiwa kugusana na unyevu, na jani lolote lisizamishwe. Ukitumia maji, yawe ya kina cha sentimita mbili tatu tu na yabadilishwe kila siku tatu au nne. Chupa iliyojaa hadi shingoni ndiyo inayoozesha. Sisi tunapendelea sfagnamu kavu, aina ya mimea midogo laini inayofyonza maji na huuzwa kwa wapanda okidi. Loweka, ikamue kwa nguvu hadi isidondoke tena, izungushe kwenye kifundo, weka kwenye kikombe kinachopitisha mwanga chenye matundu, funika kwa mfuko. Nyuzijoto 22 hadi 26, mwanga mwingi bila jua. Fungua mfuko dakika chache kila siku hewa ibadilike.

Mizizi huonekana kati ya wiki mbili na sita. Usiwe na haraka ya kuhamisha: subiri ifikie sentimita tatu na ianze kugawanyika. Panda vipandikizi vitatu hadi vitano kwenye chungu kimoja cha sentimita 8 hadi 10, maana kimoja peke yake kitatoa shina moja refu na chungu kitaonekana kitupu. Mizizi iliyozoea maji hushtuka udongoni, kwa hiyo wiki mbili za kwanza udongo usikauke kabisa. Kipandikizi cha namna hii kwa kawaida huchukua miaka miwili mitatu kabla ya kuchanua.

Matone ya kunata

*Chini ya maua ya hoya yangu kuna matone ya kunata yanayodondokea sakafuni. Ni ugonjwa? Na harufu yake usiku inatuumiza kichwa. – Msomaji wa siku nyingi*

Yakitoka katikati ya maua ni nekta, yaani maji matamu ya maua, na ni jambo la kawaida. Yakiwa juu ya majani au kwenye mashina yasiyo na maua, tafuta wadudu. Nekta ifute kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ikiachwa kwenye majani huota ukungu mweusi kama masizi. Harufu ya carnosa huzidi jioni na usiku, na hatujui njia ya kuipunguza zaidi ya kutouweka mmea chumba cha kulala. Ukiwa umeshachanua kabisa, kuuhamisha hakuna hasara kubwa kama wakati wa vichipukizi.

Paka ametafuna jani

*Paka wetu ametafuna jani la hoya. Nihofu? – Z.*

Hoya haihesabiwi miongoni mwa mimea yenye sumu kwa paka wala mbwa. Anaweza kutapika kidogo kwa sababu ya utomvu. Akiendelea kutapika au akakataa kula, mwone daktari wa mifugo.

Si hoya, ni stefanotisi

*Mmea wangu mtambazi una maua meupe marefu kama mirija, yananukia sana. Nimeutunza kwa maelekezo ya hoya, lakini majani yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, na vichipukizi vinaanguka. – Ndugu H.*

Kwa maelezo yako huo ni Stephanotis floribunda wa Madagaska. Ni jamaa wa hoya, una utomvu mweupe uleule, lakini haufanani nao kwa kiu. Mchanganyiko wake uwe na unyevu wa kadiri muda wote unapokua. Mwagilia sentimita mbili za juu zikikauka, usisubiri jani likunjike. Umanjano wenye mishipa ya kijani maana yake mmea haupati chuma, na mara nyingi chanzo ni maji yenye chokaa nyingi yanayopandisha alkali ya udongo. Mwagilia maji ya mvua au yaliyochujwa, na uweke mbolea yenye chuma cha kileti, kile kinachoyeyuka na kufyonzwa hata udongo ukiwa na alkali. Majani ya zamani yatachelewa kurudi, angalia mapya.

Vichipukizi vyake ni vyepesi kuanguka kuliko vya hoya. Chora alama ya penseli kwenye ukingo wa chungu upande unaotazama dirisha, ili hata ukiutoa kuufuta vumbi uurudishe vilevile. Katika miezi ya baridi unapenda nyuzijoto 13 hadi 16 na maji pungufu. Ukiona tunda kubwa la kijani linalofanana na embe, usilile. Linaweza kukaa takriban mwaka mzima kabla ya kupasuka na kutoa mbegu zenye manyoya.

Chungu kikubwa au kidogo?

*Nimeambiwa hoya huchanua tu ikibanwa chunguni. Yangu mizizi inatoka chini. Niiache? – T.M.*

Maneno hayo yana ukweli nusu. Kubanwa kwenyewe hakuleti maua. Chungu kidogo hukauka haraka, mizizi inapata hewa, mmea unakuwa na afya na kuchanua. Mizizi ikichungulia tu kwenye matundu, iache. Ikiwa imejaza chungu kiasi kwamba maji yanapita pembeni bila kufyonzwa, au unalazimika kumwagilia kila siku mbili, hamisha kwenda chungu kilichozidi kwa sentimita mbili au tatu. Kwa wengi hiyo ni kila miaka miwili au mitatu. Fanya hivyo mwanzoni mwa msimu wa kuchipua, kamwe si wakati wa vichipukizi vya maua, na usiifumue mizizi iliyo mizima.

Majani meupe kabisa

*Hoya yangu ya mabaka, yenye majani ya kijani na kingo nyeupe, imeanza kutoa shina lenye majani meupe na waridi tupu. Ni zuri mno. Mume wangu anasema nilikate. – Mama Idris*

Mumeo yuko sahihi, japo inauma. Jani lisilo na kijani halitengenezi chakula; shina hilo linalishwa na mengine, na likiendelea hivyo litaudhoofisha mmea kisha majani yake yatakauka kuanzia kingoni. Likiwa na majani matatu manne unaweza kulivumilia msimu mmoja kwenye mmea mkubwa wenye nguvu. Zaidi ya hapo, likate.

Kabla ya kukata, fuata shina kurudi nyuma hadi jani la mwisho lenye rangi zote mbili, kisha utazame ngozi ya shina lenyewe. Utaona mistari ya kijani na ya krimu. Chipukizi litafuata rangi ya upande linapotokea, hivyo kata juu kidogo ya kifundo ambacho kwapa lake (pale jani linapoungana na shina) limekaa kwenye mstari wenye rangi zote mbili. Ukikata juu ya kwapa jeupe tupu, utapata shina jeupe jingine. Likitokea shina la kijani kitupu, nalo likate kwa kanuni ileile, mapema zaidi, kwa sababu hilo hukua haraka kuliko yenye mabaka na litaumeza mmea wote.